Ukoo wa shemeji yako na nyua za Norwich

Norwich, Jumapili usiku

Somo yangu mpenzi,

Salaam nyingi kwako, kwa mama, na kwa wote wa hapo Chumbageni. Sisi hatujambo, ni baridi tu inayotuadhibu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza kazini, nikacheka peke yangu hadi wenzangu wakageuka. "Wafu wa Wazungu unawatafutia nini, na wao wenyewe hawawatafuti?" Jibu lake ni refu, halienei kwenye sauti ya dakika moja, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Chanzo ni shule. Watoto waliambiwa wachore mti wa ukoo wao. Upande wangu tulimaliza kabla wali haujaiva: nilimpigia bibi simu, akawashusha mmoja mmoja, na nani alimwoa nani, nani aliachika akarudi kwao, nani alivuka kutoka Pemba kwa jahazi na kwa sababu gani. Karatasi ilijaa. Upande wa shemeji yako tukakwama kwa babu ya babu yake. Nikamuuliza mama mkwe. Akasema, "Walikuwa watu wa King Street, maskini," akaendelea kukunja nguo zake. Mwanawe hata hilo la King Street alikuwa halijui. Nchi ambayo huwezi kuhama nyumba bila kujaza fomu, na mtu hajui bibi yake mzaa baba kazaliwa wapi! Iliniuma kwa ajili ya wanangu, maana nusu ya karatasi yao ilikuwa nyeupe.

Norwich unaujua kwa picha nilizokutumia tu. Uko mashariki ya Uingereza, Norfolk, karibu saa mbili kwa treni kutoka London. Kuna ngome ya Wanormani, wale wavamizi wa zamani kutoka Ufaransa, juu ya kilima, na chini yake soko ambalo Wanormani hao hao waliliweka, na mpaka leo watu wananunua samaki na viazi pale pale. Wenyeji wana msemo kwamba zamani mji ulikuwa na kanisa kwa kila wiki ya mwaka na baa kwa kila siku ya mwaka. Makanisa mengi yamesimama bado. Mimi nilichohitaji ni baa, kwa sababu fukara wa mji huu hakuishi barabarani. Aliishi uani, nyuma ya baa.

Hebu nikuchoree. Mbele kuna lango la tao, juu kiasi cha kupitisha gari la farasi pamoja na abiria waliokaa juu ya paa lake. Ukipita chini ya tao unaingia kwenye ua mwembamba unaokwenda nyuma kwelikweli: jiko upande mmoja, mabanda ya farasi upande mwingine, juu ya mabanda ghala la nyasi kavu, halafu kisima, choo, na mwisho ukuta au mto. Hiyo ndiyo nyumba ya wageni ya zamani. Msafiri alilala vyumba vya mbele, farasi wake nyuma, na mtunza farasi alilala karibu na farasi.

Karne ya 19 ikavuruga mpango huo. Mwaka 1801 Norwich ilikuwa na watu kama 37,000. Mwaka 1901 walipita 110,000, na kwa muda mrefu wengi wao walibanana ndani ya kuta za kale. Na reli ikaingia: ya kwenda Yarmouth, mji wa pwani, mwaka 1844, na mwaka uliofuata mtu akaweza kupanda treni hadi London. Magari ya farasi ya safari ndefu yakafa. Mwenye nyumba ya wageni akabaki na ua mkubwa usiomwingizia kitu, na mlangoni kuna watu wanaolia chumba. Unajua alichofanya. Vijumba vikaota ukutani, kimoja juu ya kingine, kodi ya wiki kwa wiki, bomba moja la maji kwa wote. Jina la ua likabaki lile la baa iliyo mbele: Queen of Hungary Yard, Rose Yard, Old Barge Yard. Tena kabla ya reli, mwaka 1830, serikali ilikuwa imepitisha sheria kwamba mlipa kodi yeyote anaweza kununua leseni ya kuuza bia nyumbani kwake kwa gini mbili, yaani pauni mbili na shilingi mbili. Vilabu vikachipuka kila pembe, na kila kimoja na ua wake. Mimi niliyelelewa kuvuka barabara nisipite mbele ya kilabu cha pombe, leo najua majina ya vilabu vya Norwich kuliko mlevi wa Norwich. Usimwambie bibi.

Kwa hiyo kazi ilianza na sensa. Huku wamehesabu watu kila miaka kumi tangu 1801, lakini majina ya watu wote yanapatikana kuanzia 1841, na ile ya 1841 ni ya ubahili: mtu mzima wanamshushia umri hadi tano iliyo karibu, na mahali alipozaliwa wanaandika tu kama ni mkoa huu au sivyo. Kuanzia 1851 mambo yananoga. Kijiji cha kuzaliwa, kazi, uhusiano na mkuu wa nyumba, vyote vipo. Daftari hufungwa miaka 100 kabla ya kufunguliwa, ndiyo maana ya 1921 tumeipata 2022. Ya 1931 iliungua yote kwa moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu kwa sababu ya vita. Bahati kuna orodha waliyoiandika Septemba 1939 vita vilipoanza, kwa ajili ya vitambulisho. Hiyo ndiyo daraja la kuvukia pengo.

Nikarudi nyuma kutoka 1939, nikashika 1921, nikashuka, nikashuka, hadi 1881 nikamkuta. King Street, Old Barge Yard: fundi viatu, mke, watoto watano, na mpangaji mmoja juu. Somo, nilipiga kigelegele saa sita za usiku. Shemeji yako akadhani kuna mtu kafa. Nikamwambia, amefufuka.

Sasa mahali pa huo ua napajua kwa macho, maana napapita nikienda mtoni. Jengo la mbele ni refu, la mbao na matofali, na alilijenga tajiri mmoja jina lake Robert Toppes karibu mwaka 1427. Aliuza nguo za sufu ng'ambo, akaingiza bidhaa kutoka bara la Ulaya, na alikuwa meya wa mji mara nne. Ghorofa ya juu ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wa kuonyeshea bidhaa, paa lake la mbao za kuchongwa, na mto Wensum uko nyuma hapo kwa ajili ya mashua. Baada yake jengo likakatwakatwa vipande, vyumba, maduka, na sehemu moja ikawa baa ya Old Barge. Ukumbi wa tajiri ukafichwa kwa dari na kuta za kubandika. Baa ilipofungwa, mwisho wa miaka ya 1960, na mafundi wakaanza kubandua, wakakuta joka la mbao limekaa kwenye kona ya paa likiwatazama. Ndiyo sasa linaitwa Dragon Hall, na ndani yake kuna kituo cha taifa cha waandishi. Kwa hiyo babu wa wanangu aligonga nyundo yake ya viatu nyuma ya ukumbi wa meya, na wala hakuna aliyejua kama ukumbi upo.

Lakini sensa ina choyo hata ikiwa nzuri. Inakuambia mtu alikuwa wapi usiku mmoja katika miaka kumi. Huyu bwana alizaliwa kijijini, karibu na Loddon, kusini mwa hapa. Mkewe naye kijiji kingine upande ule ule. Walifikaje, na walionana wapi? Hapo ndipo nyua zilipoanza kunifaa kwa namna ambayo sikuitegemea.

Vijiji vilikuwa na wachukuzi. Mtu ana mkokoteni wenye turubai na farasi wake, siku ya soko anabeba mayai, kuku, barua, mama mjamzito anayekwenda kwa dada yake, kijana anayekwenda kutafuta kazi. Kila mchukuzi alikuwa na nyumba yake ya wageni mjini, anaingiza mkokoteni uani, farasi anapewa nyasi, na jioni wote wanarudi kutoka ua ule ule. Ni kama stendi yetu ya mabasi, ya Pangani hapa, ya Muheza pale, ila stendi imetawanywa katika nyua za mji mzima. Na uzuri wake, waliiandika! Kulikuwa na bwana William White aliyetoa kitabu cha Norfolk mwaka 1836, akakirudia 1845, na matoleo mengine yakafuata: majina ya wenye maduka, mapadri, wakulima, na mwisho wa kitabu orodha ya wachukuzi. Kijiji, jina la mchukuzi, nyumba anayofikia, na siku.

Nikaweka orodha za aina hiyo upande mmoja na sensa ya 1871 upande mwingine. Wachukuzi wa vijiji vya upande wao waliegemea nyumba chache tu zilizo karibu na soko la ng'ombe, ambalo wakati huo lilikuwa chini ya ngome, katikati ya mji. Na katika mojawapo ya nyumba hizo, sensa ya 1871, mtumishi wa ndani, miaka 19, hajaolewa: bibi yetu. Jina lake, kijiji chake, umri wake unavyotakiwa. Msichana wa kazi katika ua ambamo mikokoteni ya kwao ilikuwa inaingia kila Jumamosi. Mwaka uliofuata wakaoana, na shahidi wa ndoa ni mtunza farasi wa nyumba hiyo hiyo. Mapenzi ya stendi, somo! Shemeji yako anasema nimetunga. Nikamwonyesha saini ya mtunza farasi, yaani msalaba, maana kuandika alikuwa hajui.

Tangu hapo nimeacha kusoma mstari wa familia peke yake. Nasoma ua mzima. Mpangaji wa mwaka 1881 ni mdogo wake mke. Jirani wa mlango wa tatu, miaka kumi baadaye, ndiye baba mkwe wa binti yao mkubwa. Wenyewe walihama ua hadi ua, kodi ikiwashinda nadhani, lakini karibu wote nimewakuta kwenye kipande cha mji unachoweza kukitembea kabla chai haijapoa. Watafutaji wengine wa ukoo, hasa wanaume wastaafu ninaokutana nao kwenye chumba cha nyaraka, wanakimbilia juu, wafike kwa mfalme. Mimi naona raha iko pembeni, kwa majirani.

Ramani zimenisaidia pia. Miaka ya 1880 wapima ardhi wa serikali walichora Norwich kwa kipimo cha 1:500, na humo unaona bomba la maji la ua, ngazi, mpaka vyoo. Nimeweka kidole kwenye bomba la Old Barge Yard nikasema, hapa ndipo alipokuwa anapanga foleni na ndoo.

Mama mkwe alipoona mambo yamekuwa makubwa akaacha kujifanya hayamhusu. Tukaanza kutembea wote. Miguu inamuuma, basi tunakwenda polepole na kukaa kila palipo na benchi. Nilimpeleka Royal Arcade, lile barabara la maduka lenye vigae vya rangi na paa la kioo ambalo mbunifu George Skipper alilibuni, likafunguliwa mwaka 1899. Amenunua hapo kahawa maisha yake yote. Nikamwambia, simama, unakanyaga ua wa farasi: hapa palikuwa na nyumba ya wageni ya Angel, iliyogeuzwa jina kuwa Royal mwaka Malkia Victoria alipoolewa, na arcade imefuata njia ya ua wake. Akatazama juu, akatazama chini, akasema vigae ni bora kuliko mavi ya farasi.

Kuna uchochoro mmoja karibu na Guildhall, jumba la zamani la baraza la mji, sikumwambia kitu, nilitaka kuona kama atasema mwenyewe. Unaitwa Labour in Vain Yard, yaani Ua wa Kazi Bure, kwa baa iliyokuwapo. Jina hilo lilikuwa la baa nyingi nchi hii, na katika miji mingine kibao chake kilichorwa wanawake weupe wanamsugua mtoto mweusi ndani ya beseni, atakate awe mweupe. Ndiyo kazi bure yenyewe. Mama mkwe alisoma kibao cha uchochoro, akanitazama, akanishika mkono, tukapita. Baadaye sana, tukiwa kwenye basi, akasema utotoni mwake alikiona kibao cha namna hiyo safarini, na watu wazima walicheka. Hakuongeza neno, na mimi sikumhimiza. Wanangu nitawaeleza mwenyewe wakikua kidogo, kabla hawajakutana nacho kwenye kitabu cha mtu.

Nyua hizi zilikuwa na vituko vingine ambavyo ungevipenda. Zamani kabla ya kujengwa majumba ya michezo, waigizaji walicheza uani, watu wakisimama chini na wengine wakitazama kutoka madirishani. Juni 1583 kundi la waigizaji wa Malkia Elizabeth lilikuwa linacheza katika nyumba ya Red Lion hapa Norwich. Mtu mmoja akataka kuingia bila kulipa, ugomvi ukazuka langoni, waigizaji wakaruka kutoka jukwaani na panga zao wakatoka kumfukuza, na mwishowe mtu akauawa barabarani. Kesi ikaandikwa, mashahidi wakahojiwa, na maelezo yao tunayasoma leo. Mtu wa kawaida wa zama zile hana picha wala kaburi lenye jina, lakini akiwahi kusimama karibu na ugomvi wa mlangoni, unamsikia.

Na mimi bibi yetu nimemsikia kwa njia kama hiyo, ila si ya kuchekesha. Zamani mtu akifa kifo cha ghafla, uchunguzi wake ulifanyika mara nyingi ndani ya baa, kwa sababu ndipo palipokuwa na chumba kikubwa, meza, na moto. Gazeti la mji liliripoti. Nilikuwa napekua miaka ya 1880 nikitafuta habari za leseni ya Old Barge, nikakuta mtoto wa miaka minne, wa ua huo, mwana wa fundi viatu, amezama Wensum. Mama aliitwa kueleza. Gazeti limeandika kwa ufupi kwamba alikwenda bombani, akamwacha na dada yake, na aliporudi lango la upande wa mto lilikuwa wazi. Mistari michache tu. Katika karatasi zote za huyu mwanamke, ndoa, sensa nne, kifo, hapo pekee ndipo anapozungumza, na anazungumza mbele ya wanaume waliokaa kwenye baa.

Nilikaa na karatasi hiyo siku kadhaa kabla ya kumwonyesha mama mkwe. Alipoisoma alinyamaza, kisha akaniambia jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kulisikia. Mama mkwe ni binti wa mjukuu wa yule bibi, na nyumbani kwao, alipokuwa mdogo, mto ulikuwa marufuku. Wenzao wanaogelea majira ya joto, wao wanakaa ndani. Mama yake alikuwa anapiga kofi kwa hilo, na kwa mengine alikuwa mpole. Wakiuliza sababu wanaambiwa, "Sisi hatuendi mtoni," basi. Kumbe naye hakuwa na sababu, alipokea tu amri kama ilivyo.

Ua wenyewe haupo. Vijumba vya nyuma vilivunjwa miaka ya 1930 halmashauri ilipokuwa inaondoa makazi mabovu na kuwapeleka watu kwenye nyumba mpya nje ya kuta, zenye bustani na choo cha ndani. Watu husikitika, mimi sisikitiki sana, nimeshaona idadi ya vyoo kwenye ramani. Halafu Aprili 1942 ndege za Ujerumani zikapiga mji usiku mbili karibu na karibu, na nyua nyingi nyingine zikaenda. Tulichobakiwa nacho ni picha, na hapo kuna mtu wa kuombewa dua: George Plunkett, kijana wa hapa hapa, kuanzia 1931 alizunguka na kamera akipiga nyumba kuukuu ambazo wengine hawakuona za kupigwa picha. Wapo wanawake wamesimama milangoni wamekunja mikono, nguo zimeanikwa kutoka ukuta hadi ukuta. Mama mkwe anapitia picha hizo kwa kioo cha kukuzia akitafuta pua ya kwao.

Nyaraka zenyewe zilinusurika kwa neema. Agosti 1994 maktaba kuu ya Norwich iliungua, na hifadhi ya nyaraka ilikuwa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi ya jengo hilo hilo. Maji ya zimamoto yaliingia, daftari zililowa, lakini moto haukuzifikia. Zilikaushwa, zikajengewa nyumba mpya, na ndizo ninazofunua sasa kwa mikono mikavu huku mlinzi wa chumba ananitazama nisije nikatoa kalamu ya wino.

Karatasi ya shule ilishapelekwa zamani na nusu yake nyeupe, mwalimu akaweka alama yake ya vyema. Sasa tunaichora upya kwa ajili yetu, kwenye karatasi ya ukutani. Binti yangu mdogo ameshikilia kwamba yule mtoto wa mtoni naye awekwe, na jina lake, ingawa hakuacha mtu. Amewekwa. Jumamosi tunakwenda kuona daftari za leseni, tujue mwenye baa aliyeweka lango lile alikuwa nani na kama alitozwa chochote. Mama mkwe amejitolea kubeba sandwichi, na ameniuliza kama bibi wa Tanga anaweza kumwambia wao huko walitumia nini badala ya sensa. Nimemwambia watazungumza kwa simu, mimi nitatafsiri.

Dawa za miguu za mama nimezipata, zitakuja na mgeni wa mwezi ujao pamoja na viatu vya mwanao. Niambie saizi kabla ya Ijumaa. Mwenzangu, kesho niko zamu ya asubuhi, naweka kalamu.

Ni mimi somo yako,
mama watoto wa Norwich